Rangi ya Kupuliza kwa Makabati na Samani: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua Mashine

Useremala ni miongoni mwa kazi zinazowapatia vijana wengi kipato katika kata za mjini na katika vituo vya biashara vya vijijini. Katika karakana hizo brashi inaendelea kuipisha mashine ya kupulizia rangi, ambayo mafundi wengi huiita mashine ya kupigia sprei. Mteja anayeagiza kabati la jikoni au la nguo siku hizi anataka uso laini usio na mistari ya brashi, unaofanana na ule wa samani za dukani. Fundi asiyeweza kumpa uso huo hujikuta akibaki na kazi za bei ya chini.

Hata hivyo, mashine hii ina gharama zisizoonekana siku ya kuinunua. Hutumia rangi nyingi kuliko brashi, hueneza mvuke wenye madhara kwa mapafu, na inaweza kuteketeza karakana nzima iwapo itatumika karibu na moto. Makala haya yanaeleza namna mashine inavyofanya kazi, namna ya kuitumia ili ilete faida, kinga zinazotakiwa, na huduma ambazo wananchi wanaweza kuzipata kupitia Halmashauri.

Mashine inavyofanya kazi

Kipulizio cha rangi huvunja rangi kuwa matone madogo sana na kuyarusha kwenye mbao kwa nguvu ya hewa. Asili yake ni kifaa cha hospitali. Mwishoni mwa karne ya 19, daktari Allen DeVilbiss wa mji wa Toledo, jimbo la Ohio nchini Marekani, alitengeneza kifaa cha kupulizia dawa kwenye koo la mgonjwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 mwanawe, Thomas, alikirekebisha ili kipulize rangi. Historia hiyo ina funzo kwa fundi wa leo: matone yaliyobuniwa yafike kwenye koo la mgonjwa hufika vilevile kwenye koo na mapafu ya mpaka rangi asiyejikinga.

Kwa kazi za samani, vipulizio vinavyopatikana kwa wingi ni vya aina nne. Aina ya kwanza ni kipulizio cha kawaida cha kompresa, ambacho hurusha rangi kwa shinikizo kubwa la hewa. Aina ya pili nayo hutumia kompresa, lakini hutoa hewa nyingi kwa shinikizo dogo. Shinikizo kwenye pua yake halizidi pauni 10 kwa inchi ya mraba. Aina ya tatu ni kipulizio kidogo cha umeme chenye feni yake, kisichohitaji kompresa, ambacho kinawafaa wenye kazi chache. Aina ya nne husukuma rangi yenyewe kwa pampu bila hewa. Hii ya nne inafaa zaidi kwa kuta na mapaa, na inahitaji uangalifu mkubwa, kwa kuwa shinikizo lake linaweza kupenyeza rangi chini ya ngozi ya kidole. Jeraha la namna hiyo huonekana dogo kama tundu la sindano, lakini ni la dharura. Majeruhi apelekwe hospitali mara moja.

Hesabu ya rangi inayopotea

Si rangi yote inayotoka kwenye kipulizio inayofika kwenye mbao. Kipulizio cha kawaida cha shinikizo kubwa hufikisha takriban theluthi moja tu ya rangi, na iliyobaki huishia hewani. Kipulizio cha shinikizo dogo kinaweza kufikisha takriban asilimia 65 endapo kimerekebishwa vizuri.

Mfano ufuatao unaonyesha maana ya tofauti hiyo. Kabati lenye jumla ya mita za mraba 12 za kupakwa, likipakwa mikono miwili, ni sawa na mita za mraba 24. Iwapo lita moja ya rangi inafunika mita za mraba 10, kabati hilo linahitaji lita 2.4 za rangi inayokaa kwenye mbao. Fundi mwenye kipulizio cha shinikizo dogo atatumia takriban lita 3.7. Fundi mwenye kipulizio cha shinikizo kubwa atatumia takriban lita 7.2, na kati ya hizo lita 4.8 hazitagusa kabati kabisa.

Lita hizo 4.8 zimenunuliwa kwa fedha ya kikundi. Zitatua sakafuni, kwenye mbao nyingine zilizo karibu, kwenye nguo za jirani zilizoanikwa, na katika mapafu ya watu waliopo. Kwa sababu hiyo, ustadi wa kupuliza ni suala la mapato na la afya kwa wakati mmoja. Kila hatua inayopunguza rangi inayopotea huokoa fedha na hupunguza sumu.

Vikundi vinavyopanga kununua mashine vizingatie pia uwezo wa kompresa. Wanunuzi wengi huangalia ukubwa wa tangi, ilhali jambo la msingi ni kiasi cha hewa ambacho kompresa inaweza kutoa mfululizo. Vipulizio vingi vya shinikizo dogo huhitaji zaidi ya lita 200 za hewa kwa dakika. Kompresa ndogo ikishindwa kufikia kiwango hicho, shinikizo hushuka fundi akiwa katikati ya mlango wa kabati, matone huwa makubwa, na uso hutoka na vipele. Kabla ya kulipa, mnunuzi alinganishe kiwango kilichoandikwa kwenye kipulizio na kile kilichoandikwa kwenye kompresa, na ahakikishe kuwa umeme wa karakana unaweza kuiendesha.

Maandalizi ya mbao

Kipulizio hakifichi dosari. Brashi huacha rangi nzito inayoweza kujaza mikwaruzo midogo, lakini rangi ya kupuliza hukaa kama utando mwembamba na huonyesha kila alama ya msasa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hukamilika kabla mashine haijawashwa.

Mbao lazima iwe kavu. Mbao mbichi huendelea kusinyaa baada ya kupakwa, na rangi hupasuka kwenye maungio. Mbao za msonobari, kama zile zinazovunwa katika Shamba la Miti Sao Hill wilayani Mufindi, zina vifundo vyenye utomvu. Vifundo hivyo visipozibwa kwa vanishi ya sheleki au praima maalumu, utomvu hupenya na kuacha madoa ya njano juu ya rangi nyeupe. Mbao za MDF nazo zina kingo zinazofyonza rangi kama sifongo. Kingo hizo zipakwe praima mara mbili na kupigwa msasa kabla ya rangi ya mwisho.

Utaratibu wa msasa kwa mbao mpya ni kuanza na namba 120 au 150, kisha 180, na kumalizia na 220 au 240, kwa kufuata mwelekeo wa nyuzi za mbao. Mashimo ya misumari yajazwe fila na yasawazishwe. Kati ya mkono mmoja wa rangi na mwingine, fundi apitishe kidogo msasa namba 320 au 400, kisha aondoe vumbi lote kwa kitambaa safi.

Kabati la zamani la jikoni linahitaji hatua ya ziada. Mafuta ya kupikia na moshi vilivyoganda juu yake huzuia rangi kushika, na msasa ukipitishwa kabla ya kuosha huyasukuma mafuta hayo ndani ya mbao. Kabati lioshwe kwanza kwa maji ya moto na sabuni, lisuuzwe na likaushwe, ndipo lipigwe msasa. Milango ifunguliwe, bawaba na vitasa viondolewe, na kila mlango uandikwe namba mahali pasipopakwa rangi ili urudi katika nafasi yake.

Tahadhari ichukuliwe kwa samani zilizopakwa rangi miaka mingi iliyopita, kwani rangi hizo zinaweza kuwa na madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na watoto wadogo ndio wanaoathirika zaidi, hasa ukuaji wa ubongo. Rangi ya namna hiyo isipigwe msasa mkavu. Msasa uloweshwe maji, vumbi likusanywe likiwa bichi, na watoto wasiwe karibu. Anaponunua rangi mpya, fundi achague iliyothibitishwa ubora na Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

Kuchanganya rangi

Lebo ya kopo ndiyo mwongozo wa kwanza. Rangi ya mafuta huchanganywa na tapentaini ya madini, rangi ya selulosi huchanganywa na thina yake maalumu, na rangi ya maji huchanganywa na maji safi. Kutumia thina isiyo yake huweza kuigandisha rangi ndani ya kipulizio au kuifanya ibanduke baada ya muda mfupi. Baada ya kuchanganywa, rangi ichujwe kwa kitambaa chepesi au chujio, kwa sababu punje moja inatosha kuziba pua ya mashine.

Baadhi ya mafundi huchanganya rangi na petroli ili kupunguza gharama. Tabia hiyo iachwe. Petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata katika hali ya baridi, na inapopulizwa kuwa matone madogo, cheche moja inatosha kulipua hewa ya karakana. Aidha, petroli ina benzini, kemikali inayojulikana kusababisha saratani ya damu.

Upulizaji

Kabla ya kugusa kabati, fundi ajaribu kwanza kwenye kipande cha ubao. Matone yakiwa makubwa, rangi ni nzito au hewa ni ndogo. Rangi ikitua ikiwa kavu kama vumbi, hewa ni nyingi kupita kiasi au fundi amesimama mbali mno. Kwa kipulizio cha shinikizo dogo, umbali unaofaa ni kati ya sentimita 15 na 20 kutoka kwenye mbao.

Mkono mzima usogee sambamba na uso wa mbao. Fundi anayezungusha kiwiko au kifundo cha mkono pekee huacha rangi nyingi katikati na kidogo pembeni. Kitufe kibonyezwe kabla ya kufika kwenye ukingo wa ubao na kiachiwe baada ya kuupita. Kila mpigo ufunike nusu ya mpigo uliotangulia. Pembe za ndani na kingo zitangulie, kisha nyuso pana zifuate. Milango ilazwe juu ya vigingi, kwa kuwa rangi iliyopulizwa kwenye uso ulioshikiliwa wima hutiririka upesi.

Mikono miwili au mitatu myembamba ina nguvu kuliko mmoja mzito. Mkono unaofuata upulizwe baada ya muda ulioandikwa kwenye kopo, si baada ya rangi kukauka kwa kuguswa tu. Rangi ya mafuta huweza kuonekana kavu baada ya siku moja, ilhali ugumu wake kamili huchukua siku nyingi zaidi. Mteja aelezwe asipange vyombo vizito wala kufuta kwa nguvu katika kipindi hicho.

Kasoro za kawaida na sababu zake

Uso wenye vipele kama ganda la chungwa hutokana na rangi nzito au hewa isiyotosha. Machozi hutokana na rangi nyingi mahali pamoja, au fundi kusogea polepole. Vishimo vidogo vya mviringo huonyesha kuwa kuna mafuta au nta kwenye mbao, au kuwa kompresa inatoa mafuta pamoja na hewa.

Weupe kama ukungu juu ya vanishi ya selulosi hutokea siku zenye unyevunyevu, hususan maeneo ya pwani na nyakati za masika. Thina inapopukutika upesi hupoza uso wa mbao, na unyevu wa hewani huganda juu yake. Fundi asubiri unyevu wa asubuhi upungue, au atumie thina inayokauka taratibu. Vilevile maji hujikusanya ndani ya tangi la kompresa. Yafunguliwe yatoke kila siku baada ya kazi, na kichujio cha maji kifungwe kwenye mpira wa hewa.

Kinga ya mapafu na ngozi

Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka kazi ya upakaji rangi, na pia vumbi la mbao, katika kundi la mambo yaliyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Mvuke wa thina huleta kizunguzungu na maumivu ya kichwa kwa muda mfupi, na kwa miaka mingi huweza kuathiri mishipa ya fahamu.

Barakoa ya kitambaa, au ile ya vumbi, haizuii mvuke. Kinachotakiwa ni barakoa ya mpira inayobana uso, yenye vichujio vya makaa kwa ajili ya mvuke na kichujio cha matone kwa mbele. Vichujio hivyo vina muda wake; harufu ya thina ikianza kupenya, vibadilishwe. Barakoa haibani vizuri juu ya ndevu. Glavu na miwani ya kinga vivaliwe, na mikono ioshwe kwa sabuni badala ya thina, kwa kuwa thina huondoa mafuta ya ngozi na kupenya mwilini.

Rangi na vanishi za kuchanganya na kikolezo kutoka kopo la pili zinahitaji tahadhari ya pekee. Vikolezo vingi vya aina hiyo vina kemikali za isosayanati, ambazo ni miongoni mwa visababishi vikuu vya pumu ya kazini. Mtu aliyekwisha kupata pumu hiyo anaweza kushindwa kupumua hata kwa kiasi kidogo sana cha kemikali hizo. Bidhaa hizo zisipulizwe bila chumba maalumu na barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira. Karakana isiyo na vifaa hivyo ichague rangi nyingine.

Moto na usalama wa majirani

Mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini, hujaa kwenye mashimo na mifereji, na huweza kufika kwenye jiko la mkaa la mama lishe aliye mita kadhaa kutoka karakana. Kwa hiyo upulizaji ufanyike mahali penye hewa inayopita, mbali na majiko, mashine za kuchomelea na swichi zinazotoa cheche, na sigara zipigwe marufuku. Mabaki makavu ya rangi ya selulosi sakafuni nayo huwaka kwa kasi. Yafagiliwe kila siku. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani huweza kuwaka vyenyewe vikirundikwa. Vianikwe kimoja kimoja au viwekwe kwenye chombo cha chuma chenye maji.

Kila karakana iwe na kizima moto cha unga mkavu au povu na ndoo za mchanga, na wafanyakazi wote wajue kuvitumia. Moto ukitokea, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lipigiwe simu ya dharura namba 114, bila malipo.

Thina iliyotumika kuoshea mashine isimwagwe kwenye mtaro, chooni wala karibu na kisima. Iwekwe kwenye kopo la chuma lenye mfuniko. Baada ya siku chache rangi hutuama chini, na thina ya juu huweza kutumika tena kuoshea. Mabaki yaliyoganda yatupwe kwa maelekezo ya ofisa mazingira.

Huduma za Halmashauri na taasisi nyingine

Chini ya kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba. Asilimia 4 ni ya wanawake, asilimia 4 ya vijana na asilimia 2 ya watu wenye ulemavu. Vikundi vya useremala vinaweza kuomba kupitia Ofisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Katika mpango wa biashara, kikundi kiorodheshe barakoa, vichujio, glavu na kizima moto pamoja na mashine yenyewe. Mkopo unaonunua kompresa peke yake huacha kazi nusu, na fundi akiugua, marejesho nayo husimama.

Sheria ya Ununuzi wa Umma pia inazitaka taasisi za umma kutenga asilimia 30 ya ununuzi wao kwa ajili ya makundi maalumu. Samani za shule, zahanati na ofisi ni sehemu ya ununuzi huo. Vikundi vinavyotaka kushindania kazi hizo vinapaswa kusajiliwa katika mfumo wa NeST, na kitengo cha ununuzi cha Halmashauri hutoa maelekezo.

Kwa mafunzo, vyuo vya VETA hufundisha useremala, na ofisi za SIDO hutoa ushauri kuhusu mashine na ujasiriamali. Wenye karakana wakumbuke kuwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inawataka kusajili maeneo yao ya kazi kwa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA). Kabla ya kufungua eneo la kupulizia rangi katika makazi ya watu, mwombaji aonane na Ofisa Mtendaji wa Mtaa au Kijiji, ofisa afya na ofisa biashara, ili eneo likaguliwe mapema. Jirani anayesumbuliwa na mvuke au vumbi la rangi naye awasilishe malalamiko yake katika ofisi hizohizo.

Wananchi wanaotoa kazi wana nafasi yao pia. Mteja anayemuuliza fundi rangi itapulizwa wapi, kwa kinga gani, na itakauka kwa siku ngapi, husaidia kazi kufanywa inavyostahili. Fundi anayepanga bei naye ahesabu gharama ya barakoa kama anavyohesabu gharama ya rangi, kwa kuwa kabati la mteja likishapendeza na kuondoka karakanani, mapafu ya fundi ndiyo yatakayobaki kuifanya kazi ya kesho.